Mti upo peke yake, chavua inatoka wapi?

Swali nililoletewa nalifupisha kidogo: "Mtaalamu, kwenye msitu wetu wa mvua mti wa aina moja unaupata mmoja hapa, mwingine nusu kilomita huko, katikati miti ya kila aina. Sasa inachavushana vipi? Alafu kuna mmoja mkubwa umebaki peke yake kwenye malisho baada ya msitu kukatwa, unazaa mbegu balaa na ni rahisi kuokota. Nikijaza kitalu kwa mbegu za huo mmoja kuna ubaya gani?"

Ndugu yangu, hapo umeuliza mawili umeyafunga kamba moja. La kwanza ni chavua inafikaje. La pili, ambalo watu hawaliulizi sana na ndo zito zaidi, ni chavua ya nani inayofika. Manake mti unaweza kujaa mbegu mpaka matawi yanainama na bado mbegu zote zikawa na baba mmoja, au mbaya zaidi baba na mama wakawa mti ule ule.

Hiyo hofu yako ya umbali usiione ya ajabu, wakubwa walikuwa nayo pia. Mwaka 1966 mwanabotania mmoja wa Urusi anaitwa Fedorov aliandika kwamba kwa vile miti ya aina moja kwenye msitu wa mvua imetawanyika hivo, alafu haichanui yote kwa pamoja, basi mingi lazima iwe inajichavusha yenyewe. Ukisimama chini ya msitu hoja inaingia kabisa akilini, hewa imetulia, mwanga hafifu, mti mwenzake huuoni hata ukipanda juu ya gogo. Ila hayo ni mawazo ya mtu anayetembea kwa miguu, na nyuki hatembei kwa miguu.

Kilichoibomoa hiyo hoja ni mifuko, basi. Unapanda juu ya mti na kamba, unatafuta kishada cha maua ambayo bado yamefumba, unakivika mfuko wa kitambaa chepesi unaopitisha hewa ila mdudu hapiti, unafunga shingo vizuri. Maua yakifunguka mle ndani, mengine unayapaka chavua ya mti huo huo, mengine unayapaka chavua uliyobeba kutoka mti mwingine, mengine huyagusi kabisa, unaweka lebo na kufunga tena. Baada ya wiki kadhaa unapanda kuhesabu. Kamal Bawa alifanya kazi ya namna hii kwenye msitu wa nyanda za chini huko Costa Rica na kuitoa 1974, na picha iliyotoka ni kwamba zaidi ya moja kwa tano ya aina za miti zina madume mbali na majike mbali, na kwenye zile zenye ua la jinsia mbili nyingi zinaikataa chavua yao wenyewe. Maua yaliyopakwa chavua ya nyumbani yanaanguka tu. Mara nyingi mrija wa chavua unaanza kushuka kuelekea kwenye ovari alafu unakwama njiani, manake mti umetambua kwamba huyu ni mimi mwenyewe.

Sasa fikiria, kama mti unajikataa na bado unazaa kila msimu, basi kuna mtu anauletea chavua kutoka nje. Huyo mtu ni nani?

Upepo kwenye msitu wa mvua haufanyi kazi kubwa, miti karibu yote inategemea wanyama. Chini ya vilele hamna upepo wa maana, majani yanaizuia chavua, mvua inaiosha, na hata ikipeperuka, nafasi ya kudondokea aina yake kati ya mamia ya aina nyingine ni ndogo mno. Mvule ni mmoja wa wachache wanaokaidi hiyo kanuni, dume lake linaning'iniza vishada virefu vinavyomwaga chavua hewani na jike lipo mti mwingine, na mvule kwa kawaida unatokeza kichwa juu ya wenzake kwa hiyo upepo unaupata. Huo mkumbuke, ntaurudia.

Waliobaki ni nyuki, popo, ndege, vipepeo wa usiku, mende, nyigu, na wengine wadogo kiasi kwamba huwezi kuwaona ukiwa umesimama. Daniel Janzen mwaka 1971 alieleza habari za wale nyuki wa okidi wa Amerika, wanaong'aa kijani kama chuma kilichosuguliwa, aliwakamata akawabeba mbali na kuwaachia, na kuna aliyerudi nyumbani kutoka kilomita 23. Na wana ratiba bwana, nyuki jike anapita mti huu, anaenda ule, anaenda wa tatu, kesho njia ile ile, kama mpeleka gazeti. Popo naye mti wa msufi unamfungulia maua usiku, anazamisha uso mzima anatoka na manyoya meupe ya chavua, na kwa popo kilomita moja ni safari ya dakika chache.

Ila bingwa wa wote ni mdudu ambaye ukimweka kwenye kucha yako anabaki na nafasi ya kuzunguka. Nyigu wa mkuyu, milimita 2 hivi. Lile unaloliita tunda la mkuyu ni mfuko, maua yapo ndani, na mlango ni kitundu kimefunikwa na magamba. Jike anajisukuma kupita hapo kwa nguvu mpaka mabawa yanakatika, mara nyingi na vipande vya papasio pia, hatatoka tena. Ndani giza tupu, anatembea juu ya maua anayapaka chavua aliyokuja nayo na kutaga mayai kwenye baadhi, alafu anafia humo humo. Watoto wa kiume wanatoka kwanza, hawana mabawa, wanawapanda dada zao kabla hata hawajatoka kwenye vifuko vyao, wanatoboa ukuta wa tunda, wanakufa. Majike wanachukua chavua wanatoka kwenye tundu, na wana siku moja au mbili tu za kuishi. Na hapa ndo kuna ujanja wenyewe: matunda ya mkuyu mmoja kwa kawaida yanakwenda pamoja, kwa hiyo wakati nyigu wanatoka, mti wao wa nyumbani hauna tunda changa la kuingia, ni lazima waende kwa jirani. Hawana nguvu za kuruka mbali lakini wakipanda juu ya vilele upepo unawabeba, wakinusa harufu ya mkuyu uliotayari wanashuka.

Umbali wenyewe sasa. Huko Panama mwaka 1998 Nason na wenzake walikadiria kwamba chavua ya jamii ya mikuyu ya huko inasafiri takriban kilomita 6 mpaka 14 kwa kawaida. Alafu 2009 ikaja ya Namibia, kando ya mto Ugab, mikuyu halisi hii hii tunayoijua, imejipanga kwenye ukingo wa mto katikati ya jangwa kwa hiyo kila mti unaweza kuuorodhesha, na chavua ikaonekana imesafiri mpaka kilomita 160. Kilomita 160 mgongoni mwa mdudu wa milimita 2! Namibia si msitu wa mvua, najua, ila mdudu na mti ni wa ukoo ule ule na kazi ni ile ile.

Utauliza tunajuaje, maana hamna aliyemfukuza nyigu na baiskeli. Tunapima baba. Mbegu ina nusu ya DNA kutoka kwa mama na nusu kutoka kwenye chavua, na mama tunamjua kwa sababu tumechuma tunda juu yake. Tunatafuta sehemu za DNA zenye herufi zinazojirudia rudia, urefu wake unatofautiana kati ya mti na mti. Kila sehemu mti una nakala mbili, moja ya kila mzazi. Tuseme sehemu moja nakala za mama zina urefu wa herufi 142 na 150, na mbegu imesoma 150 na 158. Ile 150 imetoka kwa mama, kwa hiyo baba katoa 158, na miti yote isiyo na 158 unaifuta kwenye orodha. Sehemu moja haitoshi, unarudia kwenye sehemu nane, kumi au zaidi, kila mara orodha inapungua mpaka anabaki mmoja, au habaki hata mmoja, na hapo unajua chavua imetoka nje ya eneo ulilopima. Huyo baba wa nje anatokea sana tu, na ndo aliyetufundisha kwamba ramani tulizokuwa tunachora zilikuwa ndogo.

Lakini usiondoke na wazo kwamba kila chavua inapiga kilomita nyingi. Nyingi haifiki mbali. Nyuki akimaliza mti anaenda ulio jirani unaochanua, hana sababu ya kupoteza nguvu, kwa hiyo ukichora grafu utaona kilima kikubwa karibu na mama alafu mkia mrefu mwembamba unaoenda mbali kabisa. Na kuna wachukuzi ambao mkia wao ni mfupi. Ile miti mikubwa ya mbao ya Malaysia na Borneo, jamii ya Shorea, inakaa miaka bila kuchanua alafu msitu mzima unalipuka kwa pamoja, na baadhi inachavushwa na vithiripi, hawa hawa wakulima wanaowalalamikia kwenye vitunguu, au na mende wadogo. Hao si wasafiri. Tena mbegu za miti hiyo zina mabawa lakini ni nzito, zinazunguka zunguka zinaanguka si mbali na mama, kwa hiyo mtaa mzima unakuwa ndugu, dada na kaka wamesimama pamoja, na chavua ikitembea mita 50 inaweza kuwa imetoka kwa mjomba. Mti unakataa chavua yake mwenyewe vizuri tu, ya ndugu mara nyingi unaipokea. Hilo watu wanalisahau, wanaona miti imejaa karibu karibu wanafikiri hapo utofauti ni mkubwa.

Kumbe wingi na utofauti wa jeni ni mambo mawili.

Haya, turudi kwa mti wako wa malisho, huo ndo umenifanya niandike kirefu. Janzen aliwahi kuiita miti ya aina hiyo wafu walio hai, yaani imesimama, ina majani, lakini kwenye uzazi imeshatoka mchezoni. Utafiti uliofuata ulileta majibu mawili yanayoonekana kugombana na yote ni kweli.

La kwanza linatoka Amazoni, karibu na Manaus. Kuna mti jitu wa jamii ya mikunde unaitwa Dinizia excelsa, Christopher Dick akalinganisha iliyobaki kwenye malisho na iliyo ndani ya msitu, matokeo yakatoka 2001. Msituni maua yalikuwa yanatembelewa na wadudu wadogo wa asili. Kwenye malisho hao walikuwa hawaonekani, badala yao walijaa nyuki wa asili ya Afrika, ambao walipelekwa Brazil mwaka 1956 wakatoroka na kusambaa bara zima. Miti ya malisho ilizaa mbegu kama mara tatu ya ile ya msituni, na chavua ilikuwa inavuka eneo wazi mpaka kilomita 3.2. Kwa hiyo mti wa peke yake haukuwa mfu, ulikuwa daraja, unaunganisha vipande vya msitu ambavyo bila huo vingekuwa visiwa. Na mantiki yake ni rahisi, miti ikiwa michache nyuki analazimika kuruka mbali zaidi kutafuta shibe.

La pili linatoka Costa Rica, Aldrich na Hamrick, 1998, mti ni Symphonia globulifera. Unachavushwa na vile vindege vya Amerika vinavyoelea hewani mbele ya ua. Miti michache iliyobaki malishoni ilikuwa inapata jua la kutosha, inachanua kupita kiasi, inazaa sana, popo wanabeba mbegu na kuzidondosha kwenye vipande vya msitu vilivyobaki. Walipopima miche ndani ya hivyo vipande wakakuta zaidi ya nusu ni watoto wa ile miti michache ya nje. Na miti hiyo ya nje ilikuwa inajichavusha kuliko ya msituni, manake ndege akikuta mti mmoja umejaa maua elfu ana haja gani ya kuondoka? Anazunguka humo humo, ua hadi ua, chavua ya nyumbani inapakwa nyumbani. Kwa macho msitu ulikuwa unarudi vizuri, miche kibao. Kwenye jeni ulikuwa unapita kwenye tundu la sindano.

Kwa hiyo mti wako unaweza kuwa wa hadithi ya kwanza au ya pili, inategemea nani anautembelea na kama unaikubali chavua yake mwenyewe. Kuzaa sana hakukuambii chochote, hadithi zote mbili mti unazaa sana.

Na kuna mtego wa muda. Watu wanapima majani ya miti mikubwa iliyobaki wanakuta utofauti wa jeni bado uko juu, wanashangilia. Miti hiyo ilizaliwa pengine miaka 100 au 200 iliyopita wakati msitu ulikuwa mzima, inakusomea habari za zamani. Kama unataka habari za leo pima mbegu na miche midogo.

Hesabu ya karatasi inasaidia hapa. Kila kizazi utofauti wa jeni unapungua kwa moja gawanya kwa mara mbili ya idadi ya wazazi. Wazazi 50 wanaozaa sawa sawa unapoteza asilimia 1, ndogo. Wazazi 10, asilimia 5. Mzazi mmoja anayejichavusha, asilimia 50 inaondoka kwa kizazi kimoja tu, na hutaiona siku ya kuotesha, utaiona baadaye kwenye miche iliyodumaa, na ugonjwa ukiingia unakuta wote wana udhaifu ule ule.

Hesabu nyingine ambayo naipenda zaidi. Chukua aleli adimu, yaani toleo la jeni ambalo miti michache inalo, tuseme ipo kwa asilimia 5 ya nakala zote msituni, labda ndo ya kuvumilia ukame au fangasi fulani. Ukichuma kwenye mama mmoja, kuna uwezekano wa asilimia 90 kwamba mama huyo hana. Ukichuma kwenye mama 30 uwezekano wa kuikosa kabisa unashuka chini ya asilimia 5, na hapo hata sijawahesabu akina baba. Ndo maana utasikia watu wa mbegu wanataja 30, haikutoka hewani. Kwa hiyo mbegu 100 kutoka kila mti kwenye miti 30 zinakupa kitu ambacho mbegu 10,000 za mti wako mmoja haziwezi kukupa kabisa, hata ungeongeza nyingine 10,000.

Sasa 30 unaweza usiipate, naelewa, aina nyingine hata kumi ni safari ya siku mbili. Pata unayoweza, ila acha nafasi kati ya mama na mama, mita 100 na kuendelea kama aina yenyewe inadondosha mbegu karibu, ili usije ukachuma kwa dada wawili ukahesabu wawili. Chukua kiasi kinachokaribiana kwa kila mti, hapa wengi wanaharibu, wanafika kwenye mti unaozaa sana wanajaza gunia tatu na kwenye mingine wanachukua kiganja, mwisho wa siku kitalu kizima ni cha mama mmoja. Chuma pande tofauti za mti, juu na chini, mashariki na magharibi, kwa sababu maua hayakufunguka siku moja na wageni hawakuwa wale wale, baba wanaongezeka hivo. Na mwaka ambao umeona ni miti miwili mitatu tu iliyochanua, bora usubiri mwaka wa uchanuaji mkubwa kama mbegu siyo ya haraka, manake mwaka mbaya hata mti wa katikati ya msitu unakuwa kama wa malishoni.

Wale wanaovuna mbao nao wananihusu kidogo. Nilikwambia mvule ukumbukwe. Kwenye mti wenye dume na jike mbali, ukikata kwa kuangalia unene tu unaweza kumaliza madume yote ya eneo bila kujua, majike yanabaki yamesimama yanapendeza na hamna mbegu inayoota. Hata kwenye miti ya jinsia mbili, ile minene inayokatwa kwanza ndo inayochanua zaidi na kutoa chavua nyingi, kwa hiyo unaweza kukata miti michache ukawa umeondoa sehemu kubwa ya akina baba. Mi naona kabla ya kupanga unene wa kukata mtu aende kwanza msituni msimu wa maua na darubini, aangalie inaanza kuchanua sana ikiwa na unene gani, na aache wachanuaji wametawanyika, siyo kuwaacha wote kona moja kisa kona hiyo gari haifiki.

Mti wako wa malisho, tafadhali usikatwe, hata kama mbegu zake hutaki. Inawezekana ndo kituo pekee cha nyuki kati ya kipande na kipande. Mbegu zake okota, zichanganye na za miti ya msituni kama mama mmoja kati ya wengi, asipewe nafasi kubwa kuliko wenzake. Na kama una hamu ya kujua umeangukia hadithi ipi kati ya zile mbili bila maabara, kata matunda 50 ya mti huo na 50 ya mti wa ndani ya msitu, hesabu mbegu zilizojaa na zile zilizosinyaa ukubwa wa punje ya mtama, alafu otesha kila mama kwenye tuta lake na lebo yake, udongo mmoja, maji mamoja, kivuli kimoja. Miche myeupe isiyo na kijani ikitokea upande mmoja, au urefu ukapishana sana baada ya miezi sita, inaweza kuwa dalili ya kujichavusha, niandikie idadi zenyewe, siyo "mingi" na "michache", tuendelee kutoka hapo.